Je, Wajua? Uvimbe wa Neva Unaorudi na Usiorudi
Uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, hurudi au haurudi kutegemea asili yake. Shwanoma, itokanayo na seli zinazofunika neva, hukaa ndani ya utando wake, hivyo mpasuaji aweza kuimenya bila kukata neva, na ikitoka yote ni nadra kurudi. Aina nyingine, nyurofibroma, hupenya katikati ya nyuzi zenyewe, na ile inayotanda ni sugu hasa, kwa kuwa kuing'oa yote ni kuhatarisha neva, na sehemu inayobaki huweza kuota tena. Mwenye uvimbe kama huu wilayani Rusizi, Rwanda, huanzia Hospitali ya Gihundwe au Mibilizi, kisha, akipewa rufaa, huvuka msitu wa Nyungwe kuelekea hospitali za Huye au Kigali, safari ambayo mwenye nyurofibromatosi, ugonjwa wa kurithika wenye madoa ya kahawia ngozini, hana budi kuirudia, maana uvimbe ukikua haraka na kuuma huenda umegeuka saratani.