TAARIFA KWA WATUMIAJI WA KOMPYUTA: KUOKOA DATA ZILIZOPOTEA

Wakazi wa Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake wanaohifadhi hesabu za duka, orodha za wanafunzi au kumbukumbu za ushirika katika kompyuta wanashauriwa kutambua aina ya hasara iliyowapata kabla ya kujaribu kuokoa data wenyewe.

Aina ya kwanza ni jalada lililofutwa kwa makosa, ilhali diski ni nzima. Katika diski inayozunguka, maandishi hubaki mahali pake hadi mengine yaandikwe juu yake. Hivyo, kompyuta hiyo isitumiwe tena. Mwenye ujuzi anaweza kuunganisha diski na kompyuta nyingine, kutumia programu ya uokoaji, na kuhifadhi kilichopatikana katika diski tofauti. Katika diski za kisasa zisizozunguka, matumaini ni machache, kwa kuwa kilichofutwa mara nyingi husafishwa kabisa baada ya muda mfupi.

Aina ya pili ni diski iliyoharibika yenyewe: inayogonga, iliyoanguka, au iliyolowa maji ya mafuriko, kama yale ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2011. Diski hiyo isiwashwe wala isifunguliwe nyumbani. Ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo, na gharama zikubaliwe kwanza.

Kila mmoja ajiulize: data hizi zikipotea kabisa, zitaweza kuandikwa upya? Ikiwa haziwezi, asijaribu mwenyewe.

Aidha, wote wanakumbushwa kuweka nakala ya pili katika jengo jingine.