Je, Wajua? Ukingo wa Masinga Huhama, na Mashua Huufuata

Chomeka kigingi ukingoni mwa bwawa la Masinga mara mvua zinapokatika, pale pale viwimbi vinapofikia. Maji yakishuka mita 2 tu, na ufuo ukiwa unateremka mita 1 kwa kila mita 30, kigingi chako kitabaki nchi kavu, mita 60 kutoka majini. Mvuvi wa mshipi aliyesimama hapo juzi akirusha ndoana leo ana uwanja wa tope mbele yake. Kwa mtu huyo, mashua ndogo ya mbao ni kama miguu mipya.

Bwawa hili lililo kati ya Machakos na Embu lilijengwa kati ya 1978 na 1981 kwenye Mto Tana. Ndilo la juu kabisa katika msururu wa Seven Forks: Tana ikitoka Masinga hupitia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kazi yake kubwa ni kuweka akiba. Hupokea mafuriko ya masika na vuli, kisha kiangazi huyatoa maji kidogo kidogo ili mitambo ya umeme iliyo chini yake isilale. Likijaa, hutanda kilomita za mraba zipatazo 120, na uso wake hufika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 1,037. Kati ya viwango hivyo viwili kuna mita 19.5, takriban kimo cha jengo la ghorofa sita. Ukame wa 2009 uliyashusha maji hadi mitambo ya Masinga ikazimwa.

Samaki nao huhama pamoja na maji. Bwawa linapopanda, hufunika nyasi zilizoota kiangazi, na wadudu na mbegu hugeuka karamu. Wakati huo perege husogea hadi karibu na miguu ya mvuvi. Maji yakirudi nyuma, nyasi huisha, ufuo hubaki tope tupu, na joto la mchana huyachemsha maji haba. Samaki wakubwa hujiondokea kuelekea kwenye kina, ukiwemo mkondo wa zamani wa Tana ambao bado umelala chini ya bwawa. Kambare, ambaye wengi humwita mumi, anaweza kuvumilia tope kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Wenzake hawana bahati hiyo.

Hapo ndipo mashua inapoingia kazini. Chukua mashua ya kitako bapa, yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1. Kila sentimita inayozama husukuma lita 40 za maji, na maji hayo huijibu kwa kubeba kilo 40. Kwa hiyo ikizama sentimita 10 tu, imeshabeba kilo 400: mbao zake, watu wawili, makafi na samaki. Kina kidogo namna hiyo huiwezesha kuvuka tope lililofunikwa na maji ya kufika magotini. Lakini hesabu hiyo hiyo ni onyo: abiria mmoja wa kilo 80 huishusha sentimita 2 zaidi, na upepo wa mchana ukiinua mawimbi, sentimita 2 huwa ni nyingi.

Akishafika mbali, mvuvi hupima kwa mkono. Huteremsha chubwi, ile risasi ya mshipi, polepole, mshipi ukipita kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukilegea ghafla, risasi imegusa chini. Husogea kafi mbili tatu, hupima tena. Mahali mshipi unapozidi kuteremka kwa pima kadhaa, amepata ukingo wa mkondo wa zamani, na hapo ndipo huweka chambo.

Hatari nazo zipo. Viboko na mamba wanaishi bwawani humo, na kiboko aliyezama haonekani hadi amekaribia. Jaketi okozi lisikose, wala safari isianze gizani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashua hulifanya, nami naliona kubwa kuliko yote. Perege dume huchimba kiota cha duara kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha hukusanya mayai na kuyalea kinywani. Kokoro la macho madogo likiburutwa ukingoni huzoa wazazi na watoto pamoja. Mwenye mashua anao uwezo wa kwenda kuvua kinani na kuviacha viota vitulie. Akitumia uwezo huo, mvua zitakaporudi na maji kukifikia kile kigingi, perege watarudi nayo.