Uvimbe Ukinywea, Matibabu Bado

Neno "dawa mseto" si geni majumbani mwetu. Wengi tunakumbuka jinsi klorokwini ilivyoshindwa na malaria, hadi mwaka 2001 Serikali ikaiacha na kuweka SP mahali pake. Vimelea vikaizoea SP nayo, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutolewa ALu, ambayo ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Makala hii inaeleza jinsi somo hilo hilo linavyohusu saratani moja kali ya watoto, na kwa nini mtoto anayeonekana amepona asiondolewe hospitali mapema.

Ni saratani gani?

Inaitwa limfoma ya Burkitt, nayo huanzia kwenye chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, baada ya kuwaona watoto waliovimba taya katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipitia Tanganyika na kuuliza hospitali kwa hospitali. Walikuta kwamba ugonjwa huu huonekana zaidi penye joto na mvua ya kutosha, ambako ndiko kwenye malaria nyingi. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana kwenye chembe za uvimbe huo.

Hapa Dodoma malaria ni kidogo kuliko Kanda ya Ziwa, hivyo saratani hii si ya kuonekana kila siku. Jambo hilo lenyewe lina hatari yake. Taya likivimba tunadhani ni jino. Tumbo likivimba tunadhani ni minyoo. Huku nyuma, chembe za saratani hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Kwa nini dawa hushindwa?

Dawa za saratani huua zaidi chembe zinazogawanyika haraka. Ndiyo maana Burkitt na wenzake waliona uvimbe ukinywea ndani ya siku chache, hata kwa dawa moja. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Kwa wengine uvimbe ulirudi.

Sababu ni hii: katika mamilioni ya chembe za saratani, huwemo chache zinazotofautiana na nyingine. Dawa ikiua zile nyingi, hizo chache hubaki na kuzaana, na uvimbe unaorudi huwa ni uzao wa chembe sugu. Tukumbuke tofauti moja. Vimelea sugu vya malaria hubebwa na mbu toka mtu hadi mtu, lakini usugu wa saratani huzaliwa ndani ya mgonjwa mwenyewe. Hauambukizi.

Usugu hushindwaje?

Kwanza, kwa mseto. Siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati hushambulia kila moja kwa njia yake. Chembe iliyoiponyoka ya kwanza hukutwa na ya pili.

Pili, kwa kuifuata saratani inakojificha. Dawa nyingi za mishipani hazifiki vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo nyingine huchomwa kwenye uti wa mgongo. Wazazi wengi huiogopa sindano hii, lakini ndiyo inayofunga mlango huo.

Tatu, kwa dawa zenye shabaha. Rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hutafuta alama iitwayo CD20 juu ya chembe na kuzishambulia zenye alama hiyo. Lakini chembe ikiipoteza alama, dawa haiioni tena. Kwa sababu hiyo katika limfoma kali huunganishwa na dawa nyingine. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu watoto wenye limfoma kali zilizosambaa, wengi wao wakiwa na Burkitt. Waliopata mseto pamoja na rituksimabu, karibu 94 kati ya 100 walifikisha miaka 3 bila ugonjwa kurudi wala balaa jingine. Kwa mseto peke yake walikuwa 82. Rituksimabu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, ingawa bei yake bado ni mzigo. Nchi tajiri zinatumia pia tiba mpya zinazolenga alama tofauti, kwa wagonjwa ambao dawa za kwanza zimewashinda.

Sisi tufanye nini?

Mtoto akivimba taya, jicho au tumbo, na uvimbe ukakua ndani ya siku chache, usisubiri wiki ipite. Mpeleke kituo cha afya, omba rufaa, na uulize kuhusu kukatwa kinyama cha kupimwa. Rufaa inaweza kumfikisha Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Kisha kuna jaribu kubwa kuliko yote. Baada ya dozi ya kwanza uso unarudi kama zamani, mtoto anacheza, nyumbani mtama unasubiri kupaliliwa na nauli imekwisha. Mama anatamani kuondoka, na hatuwezi kumlaumu. Hapo ndipo majirani tunapohitajika: mmoja apalilie shamba lake, mwingine awalishe watoto waliobaki, kikundi kichange nauli ya kurudi kliniki. Dozi iliyobaki ndiyo inayozifuata zile chembe chache zisizoonekana kwa macho.