Kilichojificha ndani ya jiwe: mjue mgeni wa tangi lako kabla hujamtoa

Tangi la maji ya chumvi halikai siku nyingi bila mgeni. Umelitia jiwe la matumbawe, umeweka samaki wako wawili watatu, na wiki ya tatu, ukipita usiku na tochi, unaona kitu chenye miguu mingi kikirudi mbio shimoni. Hukukinunua wala hukijui. Wazo la kwanza la watu wengi ni kutia mkono wakitoe, na mkono huo ndio sababu ya makala haya.

Zamani matangi ya namna hii yalikuwa ya hoteli za kitalii. Leo utayakuta sebuleni na maofisini, na vijana wanaoyafuga kwa mapenzi tu wameongezeka. Sisi wa mwambao tuna ziada ambayo mtu wa Nairobi hana: maji yakipwa, jiwe au kombe liko miguuni petu. (Katika hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, kuokota ni marufuku, na KWS hawana mchezo na hilo.) Kwa hivyo mgeni anayeingia tangini huku kwetu mara nyingi ametoka bahari hii hii, akiwa na sumu yake yote.

Anaingiaje? Jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate wa mofa. Humo hukaa minyoo, kaa wachanga, kamba, konokono, mayai na mabuu ambayo jicho haliyaoni. Jiwe likisafirishwa likiwa bichi, wengi wao hufika hai. Aliyekuwa mwembamba kama uzi hula, hukua, na baada ya miezi au miaka ndipo anajulikana kuwa yupo.

Kisa maarufu ni cha mwaka 2009 huko Newquay, Uingereza, katika jumba la maonyesho ya viumbe vya baharini. Wafanyakazi waliona matumbawe yamekatwakatwa na samaki amejeruhiwa, wala hawakumjua mhalifu. Wakatega chambo, hakushikika. Mwishowe walilazimika kulibomoa tangi jiwe baada ya jiwe, wakamkuta mnyoo mwenye urefu wa zaidi ya mita moja, mwenye taya kama mkasi. Inaaminika aliingia akiwa mdogo ndani ya tumbawe. Ikiwa wataalamu walihangaika hivyo, wewe na mimi tusione haya kukaa wiki nzima tukimtazama mdudu kabla ya kumpa jina.

Swali la kwanza ni jiwe limetoka wapi. Hili watu hulisahau. Ukiingia kwenye intaneti na picha yako, majibu mengi yatatoka kwa wafugaji wa Marekani, na wao wengi wanawajua wadudu wa bahari ya Karibi. Mnyoo wao wa moto si lazima awe ndiye aliyeko kwako. Jiwe la Kilifi lina watu wake. Ndiyo maana namthamini mzee aliyevua kwa miaka arobaini kuliko picha kumi za mtandaoni. Mpelekee picha, muulize anaonekana wapi, maji ya bamvua au maji mafu, na kama humshika kwa mkono au humsukuma kwa kijiti. Jibu la swali hilo la mwisho hutosha kukuambia mengi. Kasoro yake ni kwamba jina moja la wavuvi huweza kubeba aina nyingi, kwa hivyo jina la kitaalamu uliza kwa watafiti. Mombasa tuna KMFRI, na bahari ndiyo kazi yao.

Swali la pili ni anafanya nini, na hili hujibiwa usiku. Zima taa, subiri saa moja au mbili, kisha tazama kwa tochi uliyoifunika karatasi ya nailoni nyekundu; wengi wa viumbe hawa hawasumbuliwi sana na mwanga mwekundu. Zima pampu kidogo ili maji yatulie. Piga picha zaidi ya moja, na ubandike sarafu ya shilingi kwenye kioo ili ukubwa ujulikane. Hesabu miguu, tazama kama mwili una pingili, kama macho yako juu ya vijiti, kama ana kombe. Ukiona vinukta vyeupe vinavyorukaruka kwenye kioo, hivyo ni vijidudu vidogo na chakula cha samaki wako. Viache. Kiti cha pweza mdogo kama ukucha, mwenye mikono isiyolingana, kwa kawaida anakula uchafu na mwani kwenye kioo. Mikono myembamba kama vijinyoka inayochomoza jiweni wakati wa kula ni ya jamaa yake, naye ni msafishaji mzuri.

Mnyoo wa waridi wenye nywele nyeupe pembeni ndiye anayeuawa bure kuliko wote. Huyo hula mabaki ya chakula na mizoga. Akionekana amemzunguka samaki aliyekufa, mwenye tangi husema ndiye muuaji, kumbe amekuja mazishini. Akizidi, jua kuwa unalisha kupita kiasi. Lakini usimshike: nywele zake hukatikia ndani ya ngozi na kuwasha kama upupu. Zikikuingia, zitoe kwa kubandika na kubandua selotepu.

Sasa kuna mlio. Usiku tangi linapiga “tak!” kama mtu anagonga kioo kwa pete. Hapa wapo wawili, na sikio peke yake haliwezi kuwatenganisha. Mmoja ni kamba mdogo mwenye gando moja kubwa kuliko jingine. Hulifyatua likalia, na madhara yake ni machache. Wa pili ana umbo la kamba na mikono iliyokunjwa kama ya vunjajungu, macho juu ya vijiti, kila jicho likitazama upande wake. Huyo hupiga ngumi kwa kasi ya zaidi ya mita 20 kwa sekunde, akapasua kombe la konokono na gamba la kaa, na kwa Kiingereza ana jina la utani lenye maana ya mpasua vidole. Ukiona makombe matupu yaliyovunjika chini ya shimo moja, usitie mkono kwenye shimo hilo. Mtege. Kata chupa ya soda ya plastiki sehemu ya shingo, igeuze mdomo uingie ndani, tia kipande cha nyama ya kamba. Ni lema lile lile la babu zetu, la plastiki tu.

Wapo pia wanaoonekana maua. Kiua cha kahawia chenye shina na nywele, kinachoingia jiweni ukikisogelea, ni anemoni ndogo iitwayo Aiptasia. Watu huikata kwa kisu, na kipande kilichobaki huota upya hadi zikajaa tangini. Dawa yake ni kamba au samaki wa aina zinazoila.

Nimewaacha mwisho wawili ambao hawana masihara.

Wa kwanza ni konokono mwenye kombe la umbo la pia, lenye marembo ya kupendeza. Usimchanganye na kauri, ambayo ni ya mviringo na mdomo wake wa chini una meno. Huyu wa umbo la pia ana jino kama chusa, lenye sumu, na mrija wake unaweza kukufikia hata ukimshika kwa nyuma. Aina iitwayo Conus geographus, ambayo iko katika Bahari ya Hindi, imeshaua watu. Pengine mtu hasikii maumivu makali. Huanza ganzi, macho yakafifia, maneno yakawa mazito, kisha pumzi. Hakuna dawa ya kuizimua sumu hiyo. Mtu akichomwa, asitembee, kiungo kifungwe bendeji ya kukaza na kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja, na awepo wa kumpulizia pumzi njiani zikikatika. Watoto waambiwe hivyo kabla ya kupelekwa ufukoni.

Wa pili hafanani kabisa na hatari: vifungo vya kahawia au kijani vilivyoshikana kama zulia juu ya jiwe. Baadhi ya jamii ya Palythoa vina sumu kali mno, na husababisha madhara zaidi pale mtu anapojaribu kusafisha jiwe kwa kulichemsha au kulisugua, kwa sababu mvuke na marashi ya maji huingia mapafuni. Mwaka 2018 katika kijiji cha Steventon, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha tumbawe la tangini, pamoja na waokoaji walioingia nyumbani humo. Kwa hivyo jiwe usilolijua halichemshwi jikoni. Vaa glavu na miwani, na kama huna hakika, liache ndani ya maji.

Ukishamjua na ukaamua hatakiwi, swali linabaki ni apelekwe wapi. Aliyetoka ufukoni kwako na hajakaa na samaki wa kigeni, muulize mtaalamu kama anaweza kurudi. Aliyetoka dukani kwa jiwe la nchi nyingine haingii baharini hata siku moja, wala maji yake hayamwagwi mtoni. Samaki-simba, yule mwenye mapezi marefu yenye sumu, ni wa bahari zetu za huku. Alionekana Florida miaka ya 1980, na inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu. Leo amejaa Karibi na anamaliza samaki wachanga wa wavuvi wa kule.