Irabu za Kisukuma na Matamshi ya Kiingereza: Mfano wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu kutoka Sengerema

Makosa ya matamshi ya Kiingereza miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu aghalabu huhusishwa na athari za lugha ya kwanza. Kwa wanafunzi wa Sengerema wanaozungumza Kisukuma, dai hilo ni sahihi kwa sehemu tu. Kiswahili kina irabu 5. Kisukuma kina irabu 7, na urefu wa irabu hubainisha maana. Aidha, Kisukuma hutofautisha /i/ na irabu nyingine iliyo chini yake kidogo, kabla ya kufikia /e/. Hivyo, msemaji wake ana msingi wa kutenganisha ‘sheep’ na ‘ship’. Akiyatamka kwa namna moja, yaelekea anafuata mazoea ya Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967. Kinyume chake, Kisukuma hakitofautishi /l/ na /r/; kwa hiyo ‘light’ na ‘right’ huhitaji mazoezi mapya kabisa. Mhadhiri asiyetenganisha matatizo haya mawili humnyima mwanafunzi nyenzo aliyokuja nayo kutoka nyumbani.