Habbasoda, Kitunguu Thomu na Maradhi ya Moyo: Utafiti Umeonyesha Nini?

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), pamoja na ahli zake na Swahaba zake.

Tunaulizwa mara kwa mara: mgonjwa ameandikiwa vidonge vya kolesteroli hospitali, kisha muuza dawa za asili akamwambia aviache, atumie mafuta ya habbasoda na kitunguu thomu kwa sababu hiyo ndiyo dawa ya Sunnah. Je, amfuate?

Msingi wa dini

Kujitibu kumeruhusiwa na kumehimizwa. Katika Hadithi ya Usaamah bin Shariyk, waliyoipokea Abu Daawuwd na At-Tirmidhiy, Mtume aliwaambia Mabedui wajitibu, kwani Allaah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kwa hiyo mti ulio halali na usiodhuru, kuutumia ni halali. Suala letu ni jingine: je, mti huu unafanya kazi hii anayodai muuzaji?

Ama habbasoda, Hadithi yake imo katika Al-Bukhaariy na Muslim, nasi tunaiamini bila shaka. Lakini tuangalie Maulamaa walivyoifahamu. Al-Khattwaabiy na Ibn al-Qayyim wameeleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni makhsusi, yaani maradhi ya aina fulani kwa matumizi yanayofaa. Wala Hadithi haikusema tuache dawa nyingine.

Tena kuna kisa alichokipokea Abu Daawuwd, ingawa wapo wanavyuoni waliozungumzia udhaifu wa isnadi yake. Sa'd bin Abi Waqqaasw aliugua, Mtume akamzuru na kumwambia kuwa maradhi yake ni ya moyo. Akamtajia tende za 'ajwa, na papo hapo akamwelekeza kwa Al-Haarith bin Kaladah, tabibu wa kabila la Thaqiyf. Tende hazikumzuia kwenda kwa tabibu.

Majaribio yalivyosema

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo ya utafiti juu ya kitunguu thomu uliogharamiwa na serikali ya nchi hiyo. Watu 192 wenye kolesteroli iliyopanda kiasi waligawanywa: wengine walikula kitunguu kibichi, wengine vidonge vya aina mbili vya kitunguu, na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Baada ya miezi 6, kolesteroli mbaya haikushuka kwa tofauti ya maana katika kundi lolote.

Mwaka 2022 watafiti wa Cleveland Clinic, pia Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la siku 28 kwa watu 190. Walilinganisha kidonge kidogo cha rosuvastatini na vitu sita vinavyouzwa sana: mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu thomu, manjano, viini vya mimea viitwavyo steroli, na mchele mwekundu uliochachushwa. Rosuvastatini ilishusha kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 38. Katika vile sita, hakuna kilichoishusha kuliko kidonge kitupu, na kwa waliotumia kitunguu thomu ilipanda kwa karibu asilimia 8 ikilinganishwa na waliotumia kidonge kitupu. Insafu inatutaka tuseme kwamba jaribio hili lilikuwa fupi na liligharamiwa na kampuni inayotengeneza dawa hiyo. Lakini kuhusu kitunguu, halikupingana na lile la Stanford.

Habbasoda ina habari njema kidogo. Majaribio kadhaa yameonyesha kolesteroli ikishuka kwa kiasi. Hata hivyo, mengi ni ya watu wachache na ya muda mfupi, na hayajathibitisha kuwa inazuia shambulio la moyo au kiharusi. Statini zimethibitishwa kwa hilo katika majaribio ya maelfu ya watu kwa miaka.

"Ni ya asili, haidhuru"

Kauli hii si sahihi. Statini zenyewe zilianzia kwenye ukungu aliouchunguza Akira Endo huko Japani miaka ya 1970. Mchele mwekundu uliochachushwa unaweza kuwa na kiini kilekile kilichomo katika dawa ya lovastatini, ila mnunuzi hajui ni kiasi gani. Mwaka 2024, huko huko Japani, vidonge vya mchele huo viliondolewa madukani baada ya watumiaji kudhurika figo.

Vidonge vya kitunguu thomu vinaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu kwa anayetumia warfarini. Hata balungi huongeza nguvu ya simvastatini mwilini mpaka ikaweza kuumiza misuli.

Nasaha zetu

Kwanza, kolesteroli haiumi. Mtu anaweza kujihisi mzima huku mishipa yake ikiziba, hivyo kujisikia vizuri si ushahidi wa kupona. Kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Pili, usiache wala usipunguze dawa bila daktari. Kama vidonge vinakuletea maumivu ya misuli, mwambie. Dawa inaweza kubadilishwa. Mwambie pia mitishamba unayotumia, bila kuona haya.

Tatu, habbasoda na kitunguu thomu katika chakula havina tatizo. Tupunguze samli, vya kukaanga na tui zito, tutembee, na tuache sigara.

Nne, wauzaji wamche Allaah. Mtume ameonya, katika Hadithi ya Abu Daawuwd na An-Nasaaiy, kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana. Anayemwachisha mgonjwa wa moyo dawa zake aikumbuke dhamana hiyo, na asimnasibishie Mtume ahadi ambayo hakuitoa.

Kutumia dawa iliyothibiti hakupunguzi tawakkul. Mponyaji ni Allaah, na dawa ni sababu miongoni mwa sababu Zake. Tunamuomba Awaponye wagonjwa wetu.

Na Allaah Anajua zaidi.