Fahamu: WAVIU mshauri ni nani, na kwa nini anahitajika?

Katika kliniki za tiba na matunzo nchini Tanzania, WAVIU mshauri ni mtu anayeishi na VVU, anayetumia dawa vizuri na aliyefunzwa kuwasaidia wenzake.

Humpokea aliyetoka kupata majibu ya kipimo cha VVU, humweleza umuhimu wa kumeza ARV kila siku na humfuatilia aliyeacha kliniki. Hujibu pia maswali ambayo wengi huona haya kumuuliza daktari: nimwambieje mwenzangu? Dawa niziweke wapi?

Ufuasi mzuri wa dawa hufubaza virusi, na aliyefubaza virusi hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Marekani iliposimamisha misaada yake kwa nchi za nje Januari 2025, kazi nyingi za aina hii barani Afrika zilizotegemea fedha hizo ziliyumba. Serikali ziwatengee washauri hawa bajeti ya kudumu.